Mabega ya Ndelilio

Ukipanda kutoka Bomang'ombe kuelekea Machame, tazama mageti. Utaona ya mbao, ya bati, na ya vyuma vilivyosimama wima kama wanafunzi mstarini. Halafu utakutana na geti la milango miwili, na juu ya kila mlango bomba limekunjwa nusu duara iliyoshiba, moja kushoto na nyingine kulia. Usiulize limetengenezwa na nani. Wenyeji wanayaita mabega ya Ndelilio, na mwenye nalo hulitaja jina hilo kwa sauti ya juu kidogo ili jirani asikie.

Ndelilio mwenyewe ni mtu wa miaka arobaini na sita, mfupi, mwenye mikono mirefu kuliko kimo chake kilivyostahili. Kazi anaifanyia Pasua, mjini Moshi, kwenye uwanja wenye sakafu ya saruji na paa la bati. Uwanja huo waliuchangia mafundi watatu: yeye na mageti yake, Isack wa masanduku ya wanafunzi, na Leonce wa matenki ya maji. Umeme wao mmoja, mashine ya kuchomelea moja, na sheria moja: chombo kikiwekwa chini ni cha wote. Ukitaka kisiguswe, nenda nacho nyumbani.

Kitu kimoja tu hakikuguswa na mtu, iwe kwa sheria au pasipo sheria, nacho ni gurudumu la Ndelilio. Lilitoka kwenye mashine ya zamani ya kumenyea kahawa, upana wake futi nne. Alilipata kwenye chuma chakavu akiwa kijana, akalifunga kwa boliti juu ya kisiki cha mgrivelia. Bomba analijaza mchanga mkavu lisije likabonyea, anaziba ncha zote mbili, analipasha moto mpaka liwe jekundu, kisha analizungusha kwenye gurudumu lile huku akilivuta kwa uzito wa mwili mzima. Chuma kina ubishi. Ukikikunja, kinarudi nyuma kidogo. Lakini pale kwa Ndelilio kila bomba lilirudi kiasi kile kile, na ndiyo maana mabega yote ya mlimani ni ndugu. Ili asihangaike kupima, alikuwa na uzi wa katani wenye fundo. Uzi unafungwa kwenye msumari, chaki inashikwa pale penye fundo, unazungusha, bega tayari. Uzi huo ulikaa kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo wenzake huweka simu.

Ufundi aliutamani akiwa na miaka sita, na sababu yenyewe ilikuwa sahani. Kwao Machame, mama yake, anayeitwa Mama Aikaeli kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa na sahani kubwa nyeupe ya bati yenye ukingo wa bluu. Ilikuwa sahani ya fundi. Mtu akimaliza kazi katika boma lile, awe ameezeka zizi au amezibua mfereji, ndiye aliyepakuliwa wa kwanza, kwenye sahani hiyo, na hakuna aliyeruhusiwa kutia tonge mdomoni kabla yake. Hata baba mwenye nyumba! Ndelilio alimwona fundi wa zizi akila ndizi na nyama bila haraka yoyote, na baba yake, mtu mkali asiyengoja mtu, amekaa na bakuli magotini akimeza mate. Mtoto akaamua pale pale maisha yake yatakuwa nini.

Basi miaka arobaini imepita, na sahani ile hajawahi kuilia. Kinyozi hajinyoi. Amewafungia mageti wachungaji, madaktari na waongoza wageni wa mlimani, lakini kwa mama yake mlango wa boma ulikuwa nguzo mbili na mabati yaliyoshikizwa kwa waya. Na yeye ndiye kitinda mimba! Kwa desturi ya Wachagga nyumba ya mama ni ya mtoto wa mwisho, kwa hiyo geti lile lilikuwa lake mwenyewe, la kihamba, shamba la ukoo atakamozikwa. Kila Desemba ndugu waliporudi kutoka Dar alisema, "Mama, mwakani." Mama akajibu, "Haya, mwanangu." Amejibu hivyo mara kumi na moja, na wewe unayesoma unajua mama akijibu "haya" mara kumi na moja maana yake nini. Ndelilio hakujua.

Kisha akaja Redempta.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, binti wa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari kule tambarare, wa familia iliyohamia kutoka mkoa mwingine kufuata kazi. Baba yake alipostaafu alimpa mashine aliyoiunda kwa mikono yake: roleri tatu za chuma, mbili chini na moja juu, na mkono wa kuzungushia. Leonce alimkaribisha uwanjani awe mtu wa nne. Bomba linapita katikati ya zile roleri, unakaza skrubu robo, unalirudisha, unakaza tena, na taratibu chuma kinakubali. Hakuna moto, hakuna mchanga. Ukitaka mviringo wa sufuria, utaupata. Ukitaka upinde wa mlango wa kanisa, utaupata kwa mashine ile ile.

"Hiyo si mashine ya kukamulia miwa?" Ndelilio aliuliza siku ya kwanza. Mafundi wakacheka. Redempta akacheka kuliko wote, na hapo ndipo alipomkera kwa mara ya kwanza.

Wivu ulimkaa kama kikohozi cha Julai. Alianza kuwajua wateja wa Redempta kwa viatu vyao. Mteja akisimama kumsifu Redempta, Ndelilio aliwasha grenda, na cheche na kelele zikafunika maneno. "Mangi, unasaga nini?" Isack alimuuliza siku moja. "Hicho chuma kimeshaisha mkononi." Isack na Leonce waliitumia ile mashine walivyotaka, maana Redempta aliiacha uwanjani na sheria ni sheria. Ndelilio peke yake hakuigusa. Ninasema uongo, aliigusa mara moja, asubuhi alipofika kabla ya wengine. Aliushika ule mkono akauzungusha nusu. Ulikuwa mwepesi ajabu. Aliuachia upesi, akaenda kunawa mikono.

Katikati ya Novemba alikwenda Bomang'ombe kufunga geti la mteja. Aliporudi mchana alikuta mkungu wa ndizi umeegemezwa kwenye gurudumu lake.

"Mama yako alikuja," Isack akamwambia.

"Mbona hakunisubiri?"

"Alikaa sana. Alikuwa pale." Isack akaonyesha kwa kidevu kigoda cha Redempta.

"Aliniulizia?"

Isack alichagua ribiti tatu za kufungia masanduku kutoka kwenye kopo kabla ya kujibu. "Aliuliza kama huwa unakula mchana."

Redempta alikuja mwenyewe akijifuta mikono. Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. "Kaka Ndelilio, mama ameagiza geti. Ndama ametoka tena, amekula maharage ya jirani, wamegombana. Anataka lifungwe kabla ya Krismasi."

"Na wewe ukakubali."

"Nilimwambia, mama, mwanao si yupo hapa hapa? Akasema, mwanangu ana kazi nyingi."

Laiti mama angesema kwa uchungu! Angelalamika, angemtukana, Ndelilio angepata pa kushika. Lakini alisema kwa upole, kama mtu anayemwonea huruma. Na dawa ilikuwa nyepesi: angesema tu, "Dada, niachie hiyo kazi, ni ya kwetu." Redempta angemwachia siku ile ile. Neno lilifika kwenye meno likagoma, kwa sababu kumwomba Redempta kitu kulikuwa sawa na kukiri kwamba ana kitu cha kuombwa.

Badala yake akaiona sahani. Aliiona usiku na mchana, nyeupe na ukingo wake wa bluu, ikipita mbele ya ndugu zake wote na kutua mapajani mwa mwanamke aliyekuja uwanjani juzi. Alimwonea wivu kwa chakula ambacho hakijapikwa.

Pale uwanjani geti huchorwa kwanza sakafuni kwa chaki, ukubwa wake kamili. Bomba likishakunjwa hulazwa juu ya mstari, likikaa sawa, kazi imekubali. Redempta alichora geti la Mama Aikaeli, na juu ya kila mlango akaweka upinde mrefu uliolala. Akaufuta. Akachora mwingine, akasimama mbali akiutazama, akaufuta nao. Wa tatu aliuacha huku ameuma mdomo, akakata nondo zake za kusimama kulingana na mstari huo, kumi na mbili, akaziegemeza ukutani. Ndelilio aliyaona yote kutoka kwenye kona yake. Hajui anachotaka, akajisemea, na moyo wake ukapata nafuu kidogo.

Jumamosi mchana wote walikwenda kula makande kwa Winfrida, ng'ambo ya barabara. Ndelilio alisema tumbo linamsumbua. Walipovuka tu, alichukua kitambaa chenye maji akazifuta zile pinde mbili. Alitaka mstari uwe mwingine, wowote ule, ili Redempta akunje bomba kwa mstari wa uongo, kisha akija kuchomelea akute nondo haziendani na kitu, na Krismasi imefika, na mama anasubiri. Alipiga goti, akashika msumari, akatoa uzi mfukoni, akazungusha chaki kushoto, akazungusha kulia. Akasikia kicheko cha Isack barabarani. Akatupa kitambaa, akaruka hadi kwenye grenda yake, akaiwasha bila hata chuma.

Mtu mwenye wivu hapimi, ndugu zangu. Anaona tu kinachomuuma.

Jumatatu alichelewa. Alipoingia, Redempta alikuwa kwenye mashine, bomba la kwanza limeshaanza kupinda, na Isack amesimama pembeni, mikono kiunoni.

"Heee! Redempta, leo unakunja mabega ya Ndelilio?"

"Nimeyakuta sakafuni," Redempta akajibu, akiendelea kuzungusha.

Ndelilio akatazama chini. Yalikuwa yamekaa pale, kushoto na kulia, meupe kwenye saruji, mabega yake mwenyewe. Hata kipofu angeyapapasa akamtaja jina. Katika kuharibu alikuwa ametoa uzi aliouzoea na kuzungusha mviringo pekee ambao mkono wake uliujua duniani. Akapapasa mfuko wa shati. Uzi haukuwemo.

"Umemchorea?" Leonce akauliza, macho yamemtoka. "Wewe? Umemchorea Redempta?"

"Ni geti la mama yangu," akajibu kwa ukali. "Nisimchoree?"

Basi akasifiwa. Leonce alimpiga begani, Isack akamwagizia chai, na habari ya wema wake ikafika kwa Winfrida kabla chai haijapoa. Redempta alimtazama mara moja tu. "Ahsante, kaka," akasema, akarudi kwenye mkono wa mashine. Jioni alikata nondo kumi na mbili mpya. Zile za kwanza zilibaki zimeegemea ukuta, na kila Ndelilio alipozipita zilimtazama.

Na bado hakuwa ameonja uchungu wenyewe. Yale mabega yalipotoka kwenye roleri, yalikuwa mazuri kuliko ya kwake. Hayakuwa na alama ya moto, hayakubonyea ndani hata kidogo, na la kushoto na la kulia ukiyalaza moja juu ya jingine hupati pa kupenyeza ukucha. Mtu aibiwe mbuzi, kisha amwone kwa jirani amenenepa! Ndelilio alikuwa amemkabidhi mbuzi kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa kujificha. Siku hizo zote alitafuta uzi wake chini ya meza, ndani ya makopo, hata kwenye vumbi la kufagia. Alifunga uzi mwingine, lakini fundo lilikataa kukaa palepale.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi mama alipiga simu. "Njoo umshikilie Redempta upande wa pili," alisema. "Peke yake hawezi kubeba na kuchomelea." Alimwita mwanawe kushikilia. Ndelilio akapanda Machame, akashikilia. Redempta alichomelea bawaba, yeye akaubana mlango kwa bega na goti, jasho likimwingia machoni, na nguzo za zamani zenye mabati zikiwa zimelazwa mgombani kama mzigo wa kuni.

Walipomaliza, Ndelilio alilifungua geti na kulifunga. Akalifungua tena. Alitafuta kosa kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka kwenye majani: labda linagusa chini, labda komeo linakwama. Geti lilifunga kwa sauti ndogo tu, tk, kila mara.

Mama Aikaeli alitoka jikoni akipangusa mikono kwenye kanga. Aliweka kiganja juu ya bega la kushoto, akaufuata mviringo wake mpaka mwisho. "Haya ndiyo niliyoyataka," akasema. "Siku ile nilimwambia, nifanyie kama ya mwanangu. Akasema, mama, hayo sina kipimo chake. Kumbe amekipata." Akarudi ndani kupakua.

Ndelilio akabaki ameshika komeo. Redempta alisogea, akatia mkono kwenye mfuko wa ovaroli, akatoa uzi wa katani wenye fundo.

"Uzi wako, kaka. Uliuacha chini ya kitambaa."

"Ulijua," Ndelilio akasema.

"Nondo kumi na mbili nilikata upya. Ningekosaje kujua?"

"Mbona hukusema mbele ya wale?"

"Nilikuwa nimechora mara tatu nikakosa. Mama anataka mabega, na kipimo unacho wewe." Akauweka uzi kwenye kiganja chake. "Ningekuomba, ungenipa?"

Ndelilio akaufumba uzi kiganjani; wote wawili walijua jibu.

Hapo akapita Mzee Eliezeri, mzee wa kanisa, akitoka kwenye mazoezi ya kwaya, kofia kichwani na fimbo mkononi. Walimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama kulitazama geti kwa furaha ya kweli. "Hatimaye! Kitinda mimba amemfungia mama yake! Miaka yote tunauliza, na leo mabega yamefika nyumbani."

Yalikuwa maneno ambayo Ndelilio alikuwa ameyasikia kichwani kwa miaka kumi na moja, karibu neno kwa neno. Uzi ukamchoma kiganjani. "Si kazi yangu, mzee," akasema. "Ni ya huyu dada. Amekunja yeye, amechomelea yeye."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Tangu lini Ndelilio akawa mnyenyekevu? Mabega haya nayajua, ninalo langu pale kwangu." Akamgeukia Redempta kwa upole. "Na wewe, binti, ndiye msaidizi wake? Shika vizuri. Ukikaa naye utajifunza."

Redempta aliinama akaanza kukunja waya wa mashine ya kuchomelea. Aliukaza kila mzunguko kuliko ulivyohitaji. Na Ndelilio akaelewa, amesimama pale kwao, kwamba lile alilolikusudia Jumamosi ile limetimia. Alitaka kumnyang'anya Redempta kazi yake, na amemnyang'anya. Kila atakayepita njia ile, mpaka geti lile liote kutu, atamsifu Ndelilio, na akikataa watasema ni unyenyekevu.

"Karibuni chakula," mama akaita.

Walikaa kwenye benchi nje ya jiko, na Mzee Eliezeri akakaribishwa pia. Mama alitoka ameishika kwa mikono miwili ile sahani nyeupe, ndizi na nyama zikifuka moshi. Ukingo wa bluu ulikuwa umebanduka mahali pale pale palipobanduka tangu Ndelilio akiwa mtoto. Alimpita mzee. Alimpita mwanawe wa mwisho, mrithi wa nyumba, bila kumkwepa na bila kumtazama. Akapiga goti kidogo mbele ya Redempta, akamkabidhi.

"Karibu, fundi."

Mzee Eliezeri, aliyezaliwa boma la tatu kutoka pale, aliitazama sahani. Akatazama geti, akatazama sahani tena. Polepole akavua kofia. "Kumbe," akasema.

Mama akawapa wengine mabakuli, mzee kwanza, Ndelilio wa mwisho. Redempta hakuijua desturi ya pale. Alidhani wanasubiri sala, na sala ilipokwisha alidhani wanasubiri chakula kipoe. Akapuliza ndizi yake, akaigeuza, akampongeza mama kwa harufu nzuri, akauliza habari za ndama. Ndelilio hajawahi kumwonea mtu wivu kama alivyomwonea wakati ule. Njaa ilikuwa inamuuma, uzi ulikuwa mfukoni, na geti lilikuwa limefungwa. Akasubiri, bakuli magotini, akimeza mate.